Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Mume wangu Valdemar ameendesha lori la magogo kwenye tope la Cabo Delgado, masika, taa moja imekufa, na hakuwahi kugonga hata kuku. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba siku alipofeli mtihani wa udereva hapa Mtwara, kwenye lami, mchana kweupe, ndani ya Probox, ubovu haukuwa wa dereva. Ubovu ulikuwa wa mama yangu, ambaye muda wote alikaa kiti cha nyuma kwa adabu na hakusema neno.

Valdemar ni Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka pale Kilambo baada ya lori lake kuchomwa moto barabarani, yeye amelala kwenye majani analitazama likiteketea. Alifika kwetu Likombe, hapa Mtwara, na begi moja na leseni ya Msumbiji. Mimi nasuka nywele barazani kwetu, na siku aliyokuja kuuliza kama nanyoa na wanaume nilimwambia sinyoi, kisha nikamnyoa. Mengine yalijiendea yenyewe. Alisilimu, akapewa jina la Abdulwahidi ambalo hadi leo hakuna anayemwita, na kwa kuwa kwao kama kwetu Wamakonde mume ndiye anayehamia kwa kina mke, akahamishia begi lake kwa mama.

Kazi ikapatikana. Faraji, mnunuzi wa pweza kule Mnazi Bay, alikuwa na gari la barafu na hana dereva wa kuaminika. Wa mwisho alikuwa akisimama njiani kuuza pweza rejareja. Alimpenda Valdemar tangu siku ya kwanza. Ila watu wa bima hawakutaka kusikia habari ya leseni ya kigeni, na Faraji akasema wazi kwamba leseni ya Tanzania ipatikane kabla ya mwisho wa mwezi, ama sivyo anachukua mtu mwingine. Wakati huohuo Alberto, binamu yake Valdemar, alikuwa hakauki kwenye simu kutoka Pemba, ile Pemba ya Msumbiji. Kule lori lipo, mshahara upo, na barabara ni ileile aliyochomewa lori. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: apate leseni, au mume wangu arudi kwenye barabara ile.

Basi tukaenda kubadilisha leseni. Ninyi mliopewa leseni kwenu mkaishi kwenu hamjui raha mnayoikosa. Kwenye dirisha la kwanza karani aliichukua leseni ya Valdemar, akaigeuza, akaiinua juani kama mtu anayekagua yai, akauliza hii ni leseni au kadi ya kliniki. Tukaambiwa ni Kireno, itafsiriwe. Tukamtafuta mwalimu mmoja mstaafu wa Kireno, akaitafsiri vizuri mno. Hata rangi ya macho ya Valdemar, ambayo haikuandikwa popote, aliiongeza kwa hisani yake. Tukarudi. Karani akasema tafsiri ni nzuri, lakini leseni ithibitishwe na ofisi iliyoitoa. Valdemar akamweleza kwa upole kwamba ofisi iliyoitoa iliungua mwaka uleule lilipoungua lori. Karani akasema pole sana, kisha akasema hata hivyo ithibitishwe. Mwishowe mkubwa wao mmoja, aliyekuwa na huruma au njaa ya mchana, sijui, akasema mtu huyu apewe tu mtihani barabarani, kama anajua kuendesha ataonekana.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Kumtahini Valdemar udereva ni sawa na kumtahini samaki kuogelea. Nilianza hata kupanga kitambaa cha kushona nguo kwa mshahara wa kwanza wa pweza.

Lakini mtihani unataka gari, na gari unakwenda nalo mwenyewe. Gari la chuo cha udereva lilikuwa limelala gereji. La Faraji lilikuwa na ile bima yake yenye maringo. Lililobaki lilikuwa la mama.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alinunua ile Probox kwa korosho zake, mwaka ambao korosho zilikuwa na bei na watu hawalali kwa kuhesabu magunia. Haendeshi, anaendeshwa. Kioo cha nyuma kaandikisha KOROSHO HAIDANGANYI kwa herufi nyekundu. Na gari lile halitoki getini bila yeye mwenyewe ndani, tangu siku Kassimu, mume wa dada yangu Sabra, alipoliazima kwenda harusini Mikindani akalirudisha na mavi ya mbuzi kwenye viti, akaulizwa, akasema hajui ni mbuzi gani. Nilipomwomba mama kwa ajili ya mtihani hakuwa na kinyongo. Alisema tu, "Sawa, na nangu nitakuwemo." Akianza kujiita nangu, Kimakonde kimempanda, na hapo hakuna mjadala.

Ilinipasa nilione tatizo palepale. Sikuliona, kwa sababu ukwe wa Valdemar nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Sisi wa mjini ukwe tumekwisha kuuchakachua. Kassimu huingia jikoni kwa mama bila hodi, anafunua sufuria, anauliza leo kuna nini, na akishiba anamgonga mama begani na kumwambia mkwe wangu wewe kiboko. Valdemar alilelewa kijijini na bibi yake, Bibi Deolinda, na bibi yule alimfundisha ukwe wa zamani. Mama mkwe hatazamwi usoni. Hatajwi jina. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeiacha njia. Siku moja walikutana nyuma ya nyumba, Valdemar akapisha, akapishia moja kwa moja kwenye shimo la choo kipya. Bahati nzuri choo kilikuwa bado kipya. Mama akitokea ukumbini kwa mlango, Valdemar anatokea nje kwa dirisha. Alikuwa ameishi naye nyumba moja miaka mitatu na alichokijua kwa mama ni miguu tu. Miguu hiyo angeitambua popote, hata kwenye foleni ya wanawake msibani.

Na mama alikuwa anaipenda hali ile, nani asiyejua. Alikuwa anakatiza uani zaidi ya ilivyohitajika, mradi apishwe. Akiona Valdemar yuko mbali hajamwona, anakohoa.

Siku ya mtihani mtahini wetu alikuwa Afande Josephu, trafiki mmoja mnene, mtaratibu, mwenyeji wa Singida. Alikaa mbele kushoto na karatasi yake mapajani. Mimi nilikaa nyuma ya dereva. Mama akakaa katikati ya kiti cha nyuma, kwa kuwa hapo ndipo mahali pake, mikono juu ya mkoba, amenyooka kama hakimu. Valdemar akaingia ameinamisha kichwa, akasogeza kiti, akafunga mkanda, akanyoosha mkono kurekebisha kioo cha ndani. Mle kiooni alikuwamo mama mzima, wanja, kipini na yote. Valdemar akafumba macho, akakisukuma kioo juu mpaka kikatazama paa.

Afande akatazama kioo. Akatazama paa. Akamuuliza dereva anaona nini kule juu, Valdemar akasema anaona paa. Afande akauliza kama kwenye hilo paa kuna magari yanakuja. Valdemar akakiri hakuna. Akaambiwa arekebishe kioo, akakirekebisha: akakigeuza upande wa kushoto kabisa, kikamwelekea Afande mwenyewe. Afande akajiona, akajipangusa masharubu, na sijui kama ni heshima au mshangao uliomfanya aseme haya, twende.

Valdemar aliendesha kama maji. Gia hazikusikika. Lakini nyuma yake palikuwa hapamhusu. Kwenye mzunguko kulikuwa na bodaboda iliyobeba godoro nyuma yetu, kijana anapiga honi mpaka kidole kinamuuma, na Valdemar hana habari. Mimi nikawa nakohoa kumwonyesha, mama akanipa peremende ya kikohozi. Kisha Afande akamwambia arudi nyuma karibu na soko. Valdemar akatoa shingo dirishani, akageuka kulia, akageuka kushoto, kila upande ila upande aliokuwako mama, na tairi la nyuma likapanda juu ya dagaa wa mwanamke aliyekuwa ameanika. Mwanamke yule alitutukana matusi ambayo mengine sikuyajua, na mimi nimekulia mji huu.

Afande Josephu aliandika muda mrefu. Alisema mikono ya huyu bwana ni ya dereva lakini macho ni ya abiria. Akamuuliza kwa nini hatazami kioo. Valdemar akautazama usukani. Hawezi kumsema mkwe, na mkwe yuko palepale anasikia. Ikabidi nishuke nimvute Afande pembeni nimweleze mimi. Alisikiliza yote bila kucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka kesho.

"Dada, hata kwetu mkwe ni mtu mzito," aliniambia. "Lakini sheria ya barabarani haimjui mkwe. Asipotazama nyuma ataua mtu. Nampa nafasi nyingine Alhamisi ijayo, na kioo kikienda paani tena, msirudi."

Alhamisi ijayo ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi wa Faraji.

Tukakaa kikao nyumbani, mimi na mama ukumbini, Valdemar nje ya dirisha. Nikashauri mama abaki nyumbani, tukienda na gari peke yetu tutalirudisha salama. Mama akajibu neno moja, "Mbuzi." Nikashauri basi ajilaze kwenye kiti cha nyuma asionekane. Akauliza kama gari lake amelinunua ili alale ndani kama gunia. Nikashauri ajifunike uso kwa kanga. Hilo alikubali kulijaribu, tukaenda garini pale uani, akajifunika gubigubi, Valdemar akatupia kioo jicho mara moja na kutoka garini mbio. Aliniambia baadaye kwamba mkwe aliyefunikwa ni mbaya zaidi, maana unajua yumo.

Jioni, tukiwa wawili, akanieleza kwamba kwao njia ipo. Ukwe hufunguliwa. Mama mkwe mwenyewe, kwa hiari yake, humwita mkwewe, humnawisha mikono, humpa chakula kwa mkono wake na kumwambia amtazame. Baada ya hapo mkwe huwa mwana. Lakini lazima atake yeye. Mume haombi, na mke hamwombei mume, ni aibu kubwa.

Mimi si Mmakua, kwa hiyo kulipokucha nikaenda kumwomba.

Mama alikuwa anamenya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua muhogo mwingine. Alisema hataki. Nikadhani hajaelewa, nikamweleza tena, habari ya Faraji, habari ya Alberto na lori la kule. Akasema ameelewa mara ya kwanza.

"Kassimu ananitazama," alisema. "Sabra ananitazama, wewe unanitazama, jirani zangu wote wananitazama. Nimefaidi nini? Mji huu mzima mtu mmoja tu ndiye anayejua kuwa mimi ni mtu wa kupishwa njia, na huyohuyo unataka nimfundishe mazoea."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba heshima yake itaniua mume, na nikasema mengine ambayo mtu hamwambii mama yake mbele ya muhogo wala nyuma yake. Akaendelea kumenya. Nikatoka, nikaenda kusuka nywele za mteja, nikamvuta mpaka akalia.

Siku mbili hatukusemezana. Siku ya tatu Valdemar akampigia Alberto akamwambia anakuja. Alisema bora aondoke kabla ya Alhamisi, kuliko afeli tena mbele ya watu na kumwaibisha mkwe. Hesabu gani hiyo, nilimuuliza, mtu anaogopa uso wa mwanamke wa Likombe kuliko risasi. Akasema risasi haijamlelea mke. Akakunja suruali zake ndani ya lile begi. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa kwelikweli. Usiku uliopita nilikuwa nimemwona ndotoni amelala kwenye majani, na safari hii haamki.

Asubuhi akaenda kumuaga mama. Kuaga nako kulikuwa na utaratibu wake. Alisimama uani, akaupa mgongo mlango wa mama, begi begani, akawa anaongea na mti wa mpapai. Akaushukuru mpapai kwa miaka mitatu ya kulala bila kushtuka. Akauomba radhi kwa dagaa waliokanyagwa, kwa sababu gari lilitukanwa na mwenye gari yumo. Akauachia mkewe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Mkononi alikuwa na sahani ya ugali wa muhogo na pweza wa nazi, na birika la maji kwapani. Amepika saa ngapi sijui, mimi sikusikia hata sufuria.

"Geuka, baba," alimwambia.

Begi likamdondoka Valdemar. Akageuka, macho chini. Mama akammiminia maji mikononi, na mengi yakamwagikia miguuni. Akamkalisha kwenye mkeka. Akamega tonge yeye mwenyewe, akampa. Akamwambia, "Kula. Na unitazame."

Valdemar akala. Macho yalipanda polepole, yakatoka kwenye miguu, yakafika kwenye upindo wa kanga, yakafika kidevuni, na pale kidevuni yakakwama. Nilimwona anajitahidi kama mtu anayesukuma gari lililonasa mchangani. Mama akasubiri, kisha akasema basi, kidevu kinatosha kwa leo, mwisho mtu apaliwe na pweza. Valdemar hakuondoka. Alimpigia Alberto akamwambia mpaka Alhamisi.

Alhamisi foleni ilikuwa ndefu, zamu yetu ikafika alasiri, jua limeshainama. Afande Josephu alipanda, akasalimia, akamwangalia mama kwa jicho la tahadhari. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, na wanja wake siku hiyo ungetosha bibi harusi. Alikaa katikati kama kawaida yake.

Valdemar akanyoosha mkono kwenye kioo. Akakigusa, akakiweka sawasawa, kikatazama nyuma kama vioo vya watu wengine. Nikashusha pumzi. Lakini tulipoingia barabarani nikaona anakitupia jicho na kulirudisha upesi, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Afande naye aliona. Alikuwa na kalamu mkononi, haandiki, anasubiri.

Tukaingia barabara ya Mikindani, jua liko mbele yetu limeingia garini lote. Afande akamwambia asimame pembeni. Akasimama. Kisha akamwambia aingie tena barabarani. Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori la saruji, na kwa pale tuliposimama, kwenye kona, kioo cha pembeni kilikuwa kinaona kichaka tu. Ilikuwa kioo cha ndani au hakuna.

Valdemar akainua macho, akatazama.

Lori likaja, likatupita, vumbi likaingia. Valdemar bado anatazama. Barabara ikawa nyeupe, hakuna hata baiskeli, na yeye bado macho yako kiooni.

"Dereva, lori limeshapita," Afande alimwambia. "Kioo ni cha kuangalia magari, si sinema."

Valdemar akasema ndiyo, afande, akawasha indiketa, akaingia barabarani taratibu. Kuanzia pale alikuwa anakitazama kioo kama inavyotakiwa, na zaidi ya inavyotakiwa. Akarudi nyuma mahali alipoambiwa bila kukanyaga dagaa wa mtu. Tuliporudi kituoni Afande alitia saini, akampa Valdemar mkono, akasema leseni aifuate wiki ijayo. Kabla ya kushuka akageuka nyuma, akamwambia mama kwamba naye amefaulu.

Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akatoka kibandani. Nikampigia Faraji palepale, akasema maadamu amefaulu atamsubiri hiyo wiki moja, na akishapata leseni tu, pweza wote wa Mnazi Bay ni wake. Nikampigia Sabra. Nilikuwa nalia na kucheka, nikamkumbatia mume wangu kwa nyuma ya kiti, shingo na mto wa kiti pamoja. Mwanamume huyu haendi kokote. Ilikuwa imepita dakika nzima nilipogundua kwamba hajawasha gari.

Alikuwa anatazama kioo.

"Mama," alisema. Hakuwahi kumsemesha mama ana kwa ana hata siku moja. "Jicho lako la kulia halioni."

Akaeleza polepole, kama mtu anayeomba radhi. Alisema pale kwenye kona, jua lilipompiga mama usoni, jicho la kushoto lilijikunja, la kulia likabaki wazi likilitazama jua lilelile bila kupepesa, na ndani yake mna weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Bibi yake Deolinda alikuwa na weupe uleule, mtoto wa jicho, na hakuna aliyempeleka popote mpaka giza likaingia na jicho la pili.

 Mama akasonya. "Umenitazama mara moja tu," alisema, "tayari umeona kasoro."

Nikacheka, nikidhani atakana. Hakukana. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi. Nikamuuliza kwa nini asiseme, akasema mkulima akijulikana haoni mizani huibiwa, na yeye atasomewa na nani, Kassimu? Aliendelea kulishika jembe, kulipanda gari lake na kukaa katikati, na ushungi ameuteremsha kidogo upande ule. Hakuna aliyeuliza.

Sikukubali. Nilimwambia mama, tunakula sinia moja. Nilimwambia kila Ijumaa nakusuka nywele, kichwa chako kiko magotini kwangu saa nzima, ningekosaje kuona.

"Unanisuka," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Hunitazami. Umenizoea, mwanangu."

Valdemar akawasha gari. Akauliza, kwa heshima zake zote zilizobaki, kama tunakwenda nyumbani. Mama akasema nyumbani hakuna daktari, twende hospitali ya Ligula kabla hawajafunga, na asikimbize, gari ni la watu.

Tukatoka. Mama alikuwa ametazama mbele, amenyooka, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa kuliani kwake, mahali nilipokaa safari zote. Nikanyoosha mkono nimshike. Nilipomgusa alishtuka mwili mzima, kwa sababu hakuwa ameuona mkono wangu ukija.